Kipande cha Pembeni

Daktari Kisembo hakuanza na picha.
Aliniuliza mvua ya Arua, barabara, bei ya simsim,
nikajua kuna neno analizunguka.
Mwenye habari njema haulizi bei ya simsim.

Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta:
mimi huyo, nimechanwa vipande vyembamba
kama muhogo wa kuanikwa,
na juu, kwenye pafu la kulia, kitone cheupe.
"Huenda ni kovu la kifua kikuu cha zamani.
Huenda ni ile ile, imerudi.
Picha ya leo inaijua leo tu, Mama Adriko.
Ile eksirei ya mwaka wa upasuaji unayo?"

Ninayo. Nilisafiri nayo kutoka nyumbani,
nimeibana kati ya tumbo na kitenge,
Karuma nzima sikuinama hata kununua ndizi.
Akaiinua kwenye taa,
na mwanga ukampiga usoni:
pembe ya juu haipo.
Imekatwa kwa mkasi. Mkasi wangu.
Fundi anaujua mkato wa mkasi wake.

Siku ile jua lilipopatwa
watu walimiminika Pakwach kwa malori.
Adriko alikuwa na miaka tisa.
"Mama, kile cheusi chako bado una kazi nacho?"
Nilikuwa nimelala na kidonda. Nikasema, kata.
Mwanangu akalitazama jua kupitia kifua changu.
Jioni akaniambia limemezwa, halafu likatapikwa,
nikacheka, na nyuzi zikanivuta.

Titi ninalovaa nimelishona mwenyewe:
nje kitambaa cha sare, ndani simsim.
Yule kijana wa mashine, nilipolivua,
alilipokea kwa mikono miwili
kama aliyepakatishwa mtoto wa mtu.
Akatafuta pa kuliweka, hakupaona,
akasimama nalo nyuma ya kioo
mpaka mngurumo ukaisha.

Nikampigia Adriko. Sasa ana bodaboda na ndevu tatu.
Alikaa kimya, nikadhani salio limekwisha.
"Ninacho," akasema.
Kwenye kopo la maziwa ya unga,
pamoja na jino lake na ufunguo usio na kufuli.
Akampa kondakta wa basi, ndani ya daftari,
na elfu tano ya kumkumbusha asilikalie.

Siku mbili nililala kwa binamu yangu Maturu, Bwaise,
maji ya mvua yakinusa kizingiti.
Niliomba ombi ambalo sikuwahi kulisikia kanisani:
Mungu, doa liwepo.
Liwe la zamani. Nipe kifua kikuu
nilichokikohoa bila kujua, nikipike, nikishone, nikipone.
Maturu akaitikia amina,
hakuuliza nimeomba nini.

Daktari akakibandika kwa plasta.
Kiliingia kama kiraka kilichopimwa.
Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa.
Mikwaruzo. Alama ya kidole kidogo, chenye mafuta.
Na pafu: jeusi, tupu, safi.

Sijawahi kuuchukia usafi namna ile.

"Basi huyu ni mgeni," akasema. "Hakuwepo."
Nikamuuliza ukubwa wake.
Akavuta mstari kwa kipanya: milimita kumi na tano.
Hiyo naijua. Ni kifungo cha sketi ya shule,
nimeshona maelfu, na nimefumua pia.
Akasema watachoma sindano, watatoa kinyama, wapime,
ndipo tuijue dawa.
Akasema mengine. Nilikuwa namtazama mdomo.

Nilipoinuka nikamwomba anibandulie kile kipande,
taratibu, kisichanike.
Akashangaa: kimeshafanya kazi yake, mama.

Kweli. Lakini si changu.
Mwenyewe atakitaka.